Bugarama Ipi? Njia na Waonyesha Njia Kwenye Ukanda wa Dhahabu

Dereva wa lori anayetoka bandari ya Dar es Salaam akiandika neno "Bugarama" kwenye GPS ya gari, neno hilo halimpeleki mahali pamoja. Ipo Bugarama ya Msalala, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Ipo kata ya Bugarama wilayani Ngara, mkoani Kagera. Ipo Bugarama ya Burundi, pale barabara itokayo Bujumbura inapogawanyika, tawi moja likienda Kayanza na jingine Gitega. Na ipo Bugarama ya Rwanda, pembe ya kusini magharibi, penye kiwanda cha saruji. Malori yanayopita Isaka na Kahama yanaweza kuwa yanaelekea yoyote kati ya hizo nne. Kifaa huorodhesha majina kisha kusubiri kidole cha dereva, kwa sababu jibu la "ipi?" linatoka kwa mtu anayejua mzigo ni wa nani na unasubiriwa wapi. Nitadai katika makala haya kwamba hali hiyo si kasoro ndogo ya kioo kimoja au kingine. Katika nchi hii inayoanzia Shinyanga hadi Geita, kujua mahali na kujua njia vimekuwa mambo mawili tofauti tangu zama za misafara. La kwanza limekuwa likija na vyombo kutoka mbali. La pili limekuwa mali ya wenyeji, na mara nyingi limechukuliwa kwao bila kuandikwa jina lao.

Tuanze na chombo chenyewe, maana watu wengi hukipa sifa isiyo yake. Satelaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi kilicho kwenye gari hupima mawimbi yametumia muda gani njiani, na kikipata satelaiti nne kinaweza kukokotoa kilipo. Hesabu hiyo ni ya saa tupu: kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Satelaiti haidai bando wala mnara wa simu, ndiyo maana hata pale mtandao unapokatika kati ya Kakola na Geita kifaa bado kinajua kilipo. Kazi ya satelaiti inaishia hapo. Mstari wa barabara kwenye kioo, sauti inayosema geuka kulia baada ya mita 200, alama ya kituo cha mafuta, onyo la mwendokasi, makadirio ya saa ya kufika, njia mpya pindi dereva anapopitiliza kona, vyote vinatoka kwenye ramani, na ramani imetengenezwa na mtu aliyepita, au aliyeuliza waliopita, au aliyetazama picha ya angani akakisia. Hakuna satelaiti ya GPS iliyowahi kuona barabara.

Wenyeji wa ukanda huu walikuwa na elimu ya pande za dunia kiasi cha kuitwa kwayo. Sukuma maana yake ni kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Wanyamwezi waliwaita ndugu zao wa upande wa kaskazini Wasukuma, na wale wa kusini Wadakama, na jina la kwanza likabaki kuwa jina la kabila kubwa kuliko yote Tanzania. Jina hilo linabeba ndani yake mahali aliposimama mtu aliyelitamka: ni watu wa kaskazini kwa aliye kusini yao. Naliona hilo kuwa ushahidi mzito. Katika lugha za hapa, upande haukuwa namba iliyoelea hewani. Ulikuwa uhusiano kati ya msemaji na jirani yake.

Juu ya elimu hiyo ukajengwa ufundi wa kirangozi, kiongozi wa msafara. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, penye Tabora ya sasa, hadi pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya, na mbele ya mstari alitembea kirangozi, amevaa vazi la kumtofautisha na wengine, ameshika bendera. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Tabora mwaka 1857, aliandika kwa kirefu juu ya kazi hiyo. Njia ilipogawanyika, waliotangulia waliziba ile isiyofaa kwa tawi la majani au kwa mstari uliochorwa mchangani, ili aliye nyuma asipotee. Tukikiita kifaa cha leo kiongoza njia, basi tawi lile lilikuwa na kazi yake muhimu kuliko zote: kumwambia asiyejua, mahali penyewe, wakati wenyewe, kwamba huku sipo. Tena kirangozi alijua mengi kuliko uelekeo. Alijua kisima kipi kimekauka, mtemi yupi anadai hongo kubwa, kijiji kipi kina njaa na hakitauza mtama.

Julai 1858 mwenzi wa Burton, John Hanning Speke, aliondoka Tabora kwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona Ziwa Victoria karibu na Mwanza ya sasa. Alikuwa na vyombo vya zama zake. Alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akakadiria kuwa ziwa liko futi 3,740 juu ya usawa wa bahari. Kimo kinachokubalika leo ni mita 1,134 hivi, yaani futi 3,720. Tofauti ni kama mita 6, na kwa chungu cha maji yanayochemka hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo kipimajoto hakikumfikisha ziwani. Alifikishwa na wapagazi na waongozaji, na kati yao na yeye alisimama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Bombay ndiye aliyeuliza, akatafsiri, akapatanisha. Baadaye alisafiri tena na Speke, kisha na wapelelezi wengine, Stanley na Cameron, na kwa jumla maelfu ya maili ya bara hili alitembea kwa miguu. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Speke nishani ya dhahabu mwaka 1861, na Bombay naye baadaye akapewa ya fedha. Lakini ramani iliyochapwa ilibeba namba za mwenye kipimajoto. Waliojua kisima kipi kina maji hawakuandikwa popote pembeni mwa karatasi.

Nitapita haraka kwenye miongo iliyofuata, kwa kuwa utaratibu ulibadilika sura tu. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, ikaiacha Kahama pembeni, na nchi yote ya magharibi ya reli ikabaki kutegemea barabara za udongo. Geita ikachimbwa dhahabu kwa kiwango kikubwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Malori ya pamba, ya mahindi na ya vifaa vya migodi yakarithi njia za misafara, na kirangozi akarithiwa na taniboi, ambaye leo tunamwita utingo. Kazi ya utingo inadharauliwa bure. Ni yeye anayeteremka penye maji kupima kina kwa mti, anayekimbia mbele kuuliza kama daraja limebeba, anayejua kwamba kibao kilichoandikwa jina la shule ndiyo alama ya kuingilia machimbo.

Dhahabu ndiyo iliyoleta GPS hapa, na ililetwa kwa kazi nyingine kabisa. Dhahabu ya Bulyanhulu iligunduliwa katikati ya miaka ya 1970, na baada yake maelfu ya wachimbaji wadogo walifika, wakachimba maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wakajenga Kakola na vitongoji vyake. Mwaka 1994 leseni ya eneo ikapewa kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Canada, na Agosti 1996 wachimbaji wadogo wakaamriwa kuondoka. Mwaka 1999 kampuni ya Barrick ikainunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji. Sheria ya kisasa ya madini husema kwa viwianishi, au kodineti kama wapimaji wanavyoziita: eneo ni orodha ya pembe, kila pembe namba mbili. Mchimbaji aliyejua mwamba unalala wapi, unaingilia wapi na unapotelea wapi hakuwa na namba hizo. Mstari wa karatasi ukalishinda nguvu duara lililokuwa ardhini.

Namba zenyewe zilikuwa na mtego ambao wajiolojia wa ukanda huu wanaujua vizuri. Kwanza, hadi tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kipokezi cha mkononi kikaweza kukosea kwa mita 100. Usiku huo amri ya Rais Clinton ikaondoa uvurugaji, na kosa likashuka hadi mita chache. Pili, ramani za kipimo cha 1:50,000 zilizoachwa na wapimaji wa Kiingereza zilijengwa juu ya msingi wa kipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS husema kwa msingi wa dunia nzima uitwao WGS 84. Sehemu ileile ya ardhi ikisomwa kwa misingi hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300. Sasa tazama: leseni ndogo ya uchimbaji haizidi hekta 10, na hekta 10 zikiwa mraba, kila upande ni mita 316 hivi. Mtu akisahau kubadilisha chaguo moja ndani ya kifaa, kiwanja chake chote kinahamia karibu kabisa kwa jirani, bila kijiwe hata kimoja kusogea. Yule aliyefundishwa chaguo hilo liko wapi alikuwa na nguvu juu ya asiyefundishwa. Katika ukanda wa dhahabu, basi, chombo hiki kilitambulishwa kwa watu kama mpima mipaka, miaka mingi kabla ya kuwa msaidizi wa dereva.

Msaidizi wa dereva alikuja kwa mlango wa pembeni. Huko Ulaya na Marekani, Garmin ilianza kuuza StreetPilot mwaka 1998, TomTom ikatoa GO mwaka 2004, Garmin ikafuata na nüvi mwaka 2005: kisanduku cha kiganjani, kimebandikwa kwenye kioo cha mbele, kinakula umeme wa tundu la kiberiti cha gari, kinazungumza. Sifa zake zote zilidhani kwamba barabara ina jina, nyumba ina namba, na makutano yana kibao. Kwa Afrika, ramani nzuri za mwanzo za vifaa hivi zilitoka kwa Tracks4Africa, mradi wa Afrika Kusini uliokusanya nyayo za wasafiri waliorekodi walikopita, tangu mwaka 2000. Hata hapo njia ilitoka kwa waliopita. Lakini ushahidi ninaouthamini zaidi uko kwenye dashibodi za magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani. Mengi huja na kioo cha ramani kilichojengewa ndani, kinachoongea Kijapani na kubeba barabara za Nagoya na Osaka. Likifika Kahama, mawimbi ya satelaiti yanalipata gari hilo sawasawa na yanavyolipata gari lolote. Saa ni zilezile, hesabu ni ileile. Kioo hakina kitu cha kumwambia dereva, kwa sababu hakuna mtu wa Kahama aliyewahi kukiambia kitu. Wengi hukigeuza redio na kamera ya kurudi nyuma.

Wakati huohuo sura nyingine ya GPS ikaingia kwenye mabasi: Mfumo wa Kufuatilia Mwenendo wa Mabasi, VTS, unaosimamiwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA. Huo haumwonyeshi dereva njia. Humwonyesha mdhibiti dereva yuko wapi na kama amezidi kilomita 80 kwa saa. Naukubali mfumo huo, kwani barabara hizi zimeua watu wengi mno. Ila tuseme wazi kwamba ni ndugu wa kipima mipaka: chombo cha kumtazama aliye chini kutoka juu.

Mhandisi anaweza kunikatiza hapa. Atasema kwamba yote haya yamepita. Leo simu ya bei nafuu ina kipokezi, Google Maps ilikaribisha Kiswahili mwaka 2018, picha za angani zinaonyesha hadi njia za ng'ombe, na kompyuta hujifunza barabara kutokana na mwendo wa simu zenyewe. Hoja ni nzito na kwa barabara kuu ya lami ya Isaka, Kahama na Ushirombo inatosha. Haitoshi pale lami inapokatika. Wasukuma wana majina ya udongo ambayo wataalamu wa kilimo waliyaazima tangu enzi za ukoloni: luseni, mchanga wa juu kwenye miinuko; ibambasi, udongo mgumu; na mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Njia moja ya kilomita 20 inaweza kupita kwenye yote matatu. Mwezi wa Agosti yote yanapitika. Machi, baada ya mvua ya usiku mmoja, luseni inanywa maji na gari linapita, mbuga inageuka utelezi unaolikamata lori hadi ekseli. Kwenye kioo mstari ni uleule, rangi ileile, dakika zilezile. Mkulima aliye kando ya njia anaweza kusema, kwa neno moja la aina ya udongo, jambo ambalo ramani ya mamilioni ya dola haijapewa nafasi ya kulisema.

Majina nayo hayakai kwenye kisanduku cha kutafutia. Lunzewe huandikwa pia Runzewe, Lwamgasa huandikwa Rwamgasa, kwa kuwa sauti hizo mbili hubadilishana kwenye ndimi za hapa. Kipo kijiji kiitwacho Kakola Namba Tisa, na kifaa kilichozoea anwani za Ulaya kinaweza kuisoma tisa kama namba ya nyumba. Utawala pia husogea: mwaka 2012 Geita iliacha kuwa wilaya ya Mwanza ikawa mkoa, na Msalala ikamegwa kutoka Kahama. Na tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kifaa ambacho ramani yake haijasasishwa kingali kinampeleka dereva kwenye kivuko na kumhesabia muda wa kusubiri. Kuisasisha ramani si muujiza wa satelaiti. Ni mtu kukaa na kuandika kwamba sasa kuna daraja.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi, kwa sababu lina ukweli mwingi. Litasema kwamba ninamtukuza kirangozi na utingo kupita kiasi. Waongozaji walidanganya, walipotea, walidai malipo katikati ya pori, na walipokufa elimu yao ilikwenda nao. Mgeni hana wa kumwuliza saa nane za usiku. Mama mwenye uchungu wa uzazi hawezi kungoja gari la wagonjwa likiuliza njia kwa kila bodaboda. Nakubali yote, na sitaki mtu yeyote wa Bugarama akose huduma kwa ajili ya heshima ya mapokeo. Ninachokataa ni kudhani kwamba kuna uchaguzi kati ya mtu na kifaa. Kifaa kizuri ni elimu ya watu iliyohifadhiwa, na ubora wake unategemea wameulizwa nani. Crowd2Map, kazi ya kujitolea iliyoanza Tanzania mwaka 2015, ilionyesha hilo upande wa Serengeti, mkoani Mara: wachoraji wa mbali wakifuatisha picha za angani kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, na wenyeji wakitembea na simu kuandika majina, ili wasichana wanaokimbia ukeketaji waweze kufuatwa na kuokolewa usiku kabla ya kupotelea kwenye vijiji visivyo kwenye ramani. Pande zote mbili zilihitajika. Mchoraji wa mbali aliona bati linang'aa. Mwenyeji ndiye aliyejua kwamba bati hilo ni zahanati.

Kwa kipimo hicho tuitazame Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa Februari 2022, kabla ya sensa ya Agosti mwaka huo. Kwa mara ya kwanza barabara na nyumba za nchi nzima, pamoja na vijiji vya Msalala, zilitakiwa kupewa jina na namba, na kuingizwa kwenye mfumo wa simu uitwao NaPA pamoja na viwianishi vyake. Kwa dereva hili ni kubwa kuliko toleo lolote jipya la Garmin, maana hatimaye kifaa kilichodhani kila barabara ina jina kinaikuta barabara yenye jina. Jambo la kuangalia ni jinsi majina yanavyotunzwa. Machimbo huhama. Rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ikitokea, makazi ya watu elfu kadhaa huota ndani ya miezi, yenye vichochoro, karasha za kusagia mawe, mialo ya kuoshea mchanga na vituo vya bodaboda, na dhahabu ikipungua huhamia kwingine. Kibao kilichosimikwa mwaka 2022 hakiwezi kuyafuata. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza, na vijana wa bodaboda wanaweza kuliko yeye, kwa sababu wao hupeleka watu huko kila siku na hujua jana njia ilipita wapi na leo imezibwa na shimo la nani.

Kwenye barabara ya kutoka Kahama kwenda Kakola, lori likipasuka tairi kwenye kona, utingo hukata matawi na kuyalaza barabarani, hatua kadhaa nyuma ya gari, kisha mengine nyuma zaidi. Anayekuja huyaona kabla hajaliona lori, hupunguza mwendo, hupita upande wa pili. Watu wa Burton wangeyasoma matawi hayo bila kuelezwa na mtu.